Vyumba Vinne

Ukumbi mzima ulipoinuka kumpigia makofi Bwana Kengele, Mama Sare alibaki ameketi, mkoba mapajani, meno ameyauma.

"Dada, simama basi, watu wanatutazama," mdogo wake alimnong'oneza.

"Watazame mpaka wachoke. Mimi simpigii makofi mwizi."

Miaka thelathini mzee yule alikuwa kwenye televisheni na kipindi chake cha maswali, na jina la utani alilipata kwa kengele ya shaba iliyokaa mezani pake. Ukikosa jibu aliigonga kwa kiganja, ngriii, nawe ukarudi kwenu mikono mitupu. Nchi nzima ilimpenda. Leo alikuwa anaagwa, na kwa mara ya kwanza mambo yalikuwa yamegeuzwa: watazamaji waulize, yeye ajibu.

Mama Sare alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelibeba kwa miaka ishirini na sita.

Akiwa msichana wa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ile ile akishindania nafasi ya kusomea uuguzi. Lilibaki swali moja: moyo wa binadamu una vyumba vingapi? Akajibu vinne. Kengele ikalia. Nafasi ikaenda kwa mtoto wa watu mwenye viatu vya kung'aa, na Mama Sare akaenda kwa fundi kujifunza cherehani. Nyumbani hawakuwa na televisheni. Alipomsimulia mama yake, mama alilia mpaka sauti ikakauka, na akaingia kaburini akiamini kwamba mwanawe alidhulumiwa. Na unajua alichokuwa akishona miaka yote hiyo? Sare za wauguzi. Alizishona kwa mamia, nyeupe, kwa vipimo vya watu wengine, na kila kifungo alichokaza alikikaza kwa hasira.

Barua kumi na moja alimwandikia mzee huyo. Hakujibiwa hata moja.

Kipaza sauti kilipomfikia, alikishika kana kwamba anamkaba mtu koo.

"Mimi sikuleta pongezi," alisema. "Nimeleta swali. Moyo wa binadamu una vyumba vingapi?"

Watu wakacheka. Bwana Kengele hakucheka. Alivua miwani, akamtazama.

"Wewe ndiye wa barua," alisema taratibu.

"Kumbe zilifika! Basi jibu. Vingapi?"

"Vinne, mama."

"Vinne! Nami nilisema vinne, hapo hapo ulipo, mbele ya macho yako, ukanigongea kengele. Maisha yangu yote ukayafuta kwa kiganja! Nilikosa nini?"

Kicheko kikakatika. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, mwanamke wa makamo, mtunza kanda wa kituo, aliruka kutoka kitini akielekea mlangoni. Bwana Kengele alimwona, akatikisa kichwa mara moja, na yule mwanamke akasimama. Mama Sare aliona yote hayo na damu ikazidi kumchemka. Hata leo wanafichiana!

Mzee akaivuta kengele karibu. Tangu aanze kazi hakuwahi kujigongea mwenyewe. Aliigonga.

"Nimekosa mimi," alisema. "Nisamehe, mama."

Mtu mmoja alizomea huko nyuma, wa pili akamuunga mkono, na punde ukumbi mzima ulikuwa ukizomea, wale wale waliokuwa wamesimama kumshangilia. "Dhalimu!" "Mwizi!" Shada la maua likarushwa likampata begani. Bwana Kengele alikusanya kadi zake, akatokea mlango wa pembeni bila kuaga. Wasimamizi walizima taa za jukwaa, kipindi kikaishia hapo.

Mama Sare alingoja kusikia raha aliyoitamani kwa muda mrefu. Haikuja. Neno moja tu, nisamehe, kwa miaka ishirini na sita? Alitaka ushahidi wa kuushika mkononi, awaonyeshe wanawe, awaonyeshe na wale majirani waliokuwa wakimcheka kichinichini. Akamkokota mdogo wake ngazi kwa ngazi hadi chumba cha kanda.

"Nataka kuiona kanda ya siku yangu," alisema, akipiga meza. "Sasa hivi."

Mtunza kanda alikuwa akifuta machozi. Kanda yenyewe ilikuwa mbele yake, jalada limechakaa kwa kushikwashikwa.

"Mzee amenikataza. Tangu barua yako ya kwanza amenikataza nisikuonyeshe."

"Kwa sababu anajua alichonifanyia!"

"Dada, twende nyumbani," mdogo wake aliomba. "Mwenzio ameshakiri, unataka nini tena?"

"Siendi popote!"

Mtunza kanda alimtazama Mama Sare kwa hasira iliyozidi hata ile aliyokuja nayo. Kisha akaisukuma kanda kwenye mashine, akabonyeza, akawapa mgongo.

Picha ilitetemeka, ikatulia. Mbele ya meza alisimama msichana mwembamba, nywele zimesukwa upya, anacheka kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda.

"Vitatu," alisema msichana.

Bwana Kengele, ndevu bado nyeusi, aliinua kiganja juu ya kengele. Akakirudisha chini, mbali nayo.

"Usiharakishe, binti. Fikiria tena. Nakusubiri."

"Sina haja ya kufikiria," alijibu msichana. "Ni vitatu. Nina uhakika."