Posa Kwenye Chumba cha Baruti

Dan aliinua ganda la risasi mpaka kwenye taa, akafumba jicho moja, akalichungulia ndani kama mtu anayekagua sufuria kabla ya kuinunua. "Hii douille iko safi kabisa, papa," alisema.

Papa Tharcisse alikohoa. Tangu washuke katika chumba kile cha chini ya nyumba alikuwa amesimama karibu na ngazi, mikono nyuma, wala hakuisogelea meza.

Dan alikuja Berchem, huku ughaibuni, kumposa Océane, binti wa pekee wa nyumba hiyo. Tonton Josias, mjomba wake aliyemsindikiza kama desturi inavyotaka, aliachwa juu sebuleni na kreti ya bia na vitenge vya zawadi. Siku ya kwanza ni ya maneno tu. Wazazi wakikubali, mnapanga tarehe ya mahari. Wakikataa, unamalizia soda yako unarudi kwenu. Dan alimpenda Océane mpaka wenzake kazini walikuwa wanamcheka, na hakuwa tayari kabisa kurudi kwao.

Habari za ukweni alizipata Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika. Kwenye saluni za Chaussée de Wavre, watu wa Kivu walijua kwamba kwa papa Tharcisse kuna kibali cha silaha, kabati la chuma, na meza ya kutengenezea risasi za klabu ya kulenga shabaha. Mzee anajaza baruti mwenyewe, walisema, wakishusha sauti, maana aliyekimbia milio ya risasi Bukavu haelewi mtu anawezaje kuifanya starehe. Mchumba mmoja aliyemtangulia Dan aliishia kwenye kengele ya mlango, akageuka. Papa Tharcisse akisikia hayo alicheka tu, akaagiza bia nyingine.

Pale wengine walipoona hatari, Dan aliona mlango. Alitazama video kwa majuma mengi, akajua jinsi ganda lililokwisha kupigwa linavyosafishwa, linavyorudishwa umbo lake na kujazwa upya. Hakumwambia hata Océane, ili naye ashangae. Océane kwa upande wake alimwonya jambo moja: aongee sana na maman. Dan aliona ni maneno ya mabinti wote, akayaacha njiani.

Kwa hiyo maman Carine, rais wa wamama wa kanisa, alipata salamu ya mikono miwili, swali moja la afya, na basi. Alipomuuliza Dan kama anapenda mambo ya klabu ya shabaha, kijana alimjibu kwa heshima zote kwamba hayo ni mambo ya wanaume, maman asijisumbue. Maman Carine alitabasamu, akaenda kugeuza samaki wake. Maskini Dan, hata lile tabasamu alilihesabu kuwa ushindi.

Alipoomba kuonyeshwa meza yenyewe, papa Tharcisse alimwangalia kwanza mkewe.

"Bon, mupeleke," maman Carine alisema. "Lakini musiguse kitu."

Huko chini Dan alimwaga elimu yake yote. Alisifu mashine, akasifu mizani, akasifu hata taa. Kwa kila sifa papa Tharcisse alijibu "Ah, bon," na Dan akazidi kumpenda, kwa kuwa fundi wa kweli hajisifu. Akamuuliza ni baruti ya aina gani anayoipenda zaidi.

"Ile ya mu mukebe," papa alijibu.

Dan alicheka sana. Mzee ana utani.

Mezani kulikuwa na vikopo vya mtindi vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja na maganda yake, yote ya ukubwa mmoja, yote yanang'aa. Hapo ndipo Dan alipopata wazo la kuonyesha kwamba atakuwa mkwe wa kufaa. Alivimimina vyote ndani ya beseni moja, akafuta meza kwa kiganja, akarudi nyuma kutazama usafi wake.

Papa Tharcisse alishika ukuta. "Mutoto, umefanya nini?"

"Nimepanga, papa. Si zote ni calibre moja?"

"Zile za kupigwa mara moja zilikuwa mu kopo yake, za mara mbili mu yake, mpaka kule mwisho. Ilikuwa kazi ya hiver muzima, tangu baridi ianze."

Hilo nalo Dan alikuwa ameliona kwenye video: ganda lililochoka halichanganywi na jipya, mtu asije akaumia. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, na suti yake ya posa, akaomba msamaha. Alisema yuko tayari kwa adhabu yoyote, ila asinyimwe Océane.

"Mimi nilishakukubali tangu ile bière," papa Tharcisse alinong'ona. "Simama."

Lakini yeye mwenyewe hakuondoa macho kwenye ngazi. Mlango wa juu ulifunguka, na maman Carine akashuka, anajifuta mikono ya mafuta kwa kitenge. Alilitazama beseni. Akamtazama mumewe, na papa Tharcisse akapanda ngazi bila kuaga.

Maman Carine alivaa miwani yake, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa mbele ya mashine, akalivuta beseni katikati.

"Kaa hapa, Dan. Kila douille iko na alama yangu chini, utazichagua moja moja. Ukimaliza, ndiyo tutaongea mambo ya Océane."