Sanda ya Msafiri

Katibu wa kijiji alikuwa ameshika kalamu, tayari kutia sahihi kibali cha Mwanamkuu kuuvuka msitu peke yake, alipoona kitambaa cheupe ndani ya kikapu cha ajuza huyo.

"Bibi, hii si sanda?"

"Ni sanda. Chini yake mna panga, maji na mihogo mikavu. Nimejiandaa."

Katibu akaiweka kalamu mezani. "Basi unakwenda kufa. Sitii sahihi."

Mwanamkuu akashusha pumzi. Tangu serikali iwahamishe kutoka Vihingo, ng'ambo ya msitu, kaburi la mwanawe lililobaki huko halikuwa limesomewa Yasini; na kila alipoomba ruhusa alirudishwa, mara hana barua ya balozi, mara barua haina muhuri.

"Mwanangu, marehemu baba yako hakwenda hata Mlandizi bila sanda yake. Kwani alifia njiani?"

"Alifia kitandani. Lakini sanda huita kifo, bibi."

"Astaghfirullah! Kama huita, basi nakuachia wewe, nami niende salama."

Akaikunjua sanda, akaitandaza juu ya meza yote.

Katibu akaruka nyuma pamoja na kiti chake.

"Bibi, iondoe! Nitatia sahihi. Ila... nitolee kalamu, ipo chini yake."