Majina Achana Nayo

Picha za Kiragu akibatizwa zilikataa katakata kutumwa kutoka Kitale hadi Bungoma, alikofanya kazi baba yake. Yeye ndiye aliyeweka kompyuta mbili, moja kila nyumba, zitumiane picha. Sasa alikuwa kwenye simu akimwelekeza mkewe.

"Mama Kiragu, si umeona ile mistari? Ndiyo njia picha inapitia. Nisomee namba, tujue imekwama wapi. Majina achana nayo."

Mumewe asingeyataja, yeye asingeyatazama.

Mkewe akapitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta, vinyweleo vya mkono vikasimama kwa umeme wake. Mstari wa kwanza: mama-kiragu. Akatabasamu, kumbe kompyuta ya nyumbani mumewe ameipa jina lake yeye. Wa pili, ile ya Bungoma: mama-wamboi.

Kidole kikaganda pale pale.

Wamboi ni jina la mama mkwe wake. Kwa mila yao, jina hilo hupewa binti wa kwanza wa mwanawe wa kiume. Naye hajamzalia mumewe binti.

"Sema basi, bana! Imekwama wapi?"



"Imekwama kwa Mama Wamboi."