Mlango wa Nyuma wa Banda

Mjane aligonga ndoo kwenye nguzo kwa bahati mbaya, na kuku wote wakampa mgongo. Walikimbilia mlango wa nyuma, wakasimama pale shingo juu, wakingoja.

Mlango ule yeye hakuwahi kuutumia. Aliyeutumia ni marehemu mumewe, na kabla ya kuingia ilikuwa lazima agonge ndoo mara mbili, ngo, ngo, maana kuku wa nyama wakishtuka hurundikana pembeni na kubanana hadi kufa. Watu walimtania kwamba anakipigia hodi kitoweo. Lakini kuku hawa hawakumjua. Waliletwa wakiwa vifaranga, yeye akiwa ameshazikwa kitambo. Sasa nani kawafundisha?

Akainamia chombo cha chakula. Harufu ya kitunguu saumu ikampanda puani. Ndani ya pumba mlikuwa na chembe za kijani, majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kusagwa.

Hiyo ilikuwa dawa ya mumewe, aliyoichanganya kwa mkono wake ili vijidudu vya tumboni visiwaharishe kuku damu. Mjane aliiacha siku ile ile waliyotoka makaburini. Harufu ile ilikuwa kwenye mto, kwenye mashati, kila alipogeuka, naye hakuweza kuivumilia. Pipa zima la unga wake alilimwaga kwenye shimo la taka.

Mama mkwe alimwona akimwaga. Nyumba zao zilitazamana, banda likiwa katikati. "Umemzika mara ya pili," alimwambia, akafunga mlango, na tangu hapo hata salamu ikafa. Jambo hilo lilimuuma mjane usiku na mchana, kwa kuwa hakubakiwa na mtu mwingine wa kumwita mama.

Mchana ule daktari wa mifugo alipita, akashangaa. Kuku walikuwa katika umri wenyewe wa kuhara damu, na wa mabanda ya jirani walikuwa wanakufa ovyo. Alipekua maranda chini akayakuta makavu, hakuna doa la damu. Akanusa chakula, akacheka, akamsifu mjane kwa kurudia dawa ya marehemu. Mjane alimsindikiza hadi njiani, kisha akarudi kuutazama mlango wa nyuma.

Vipimo vya dawa ile alivijua mtu mwingine mmoja, na mlango wa nyuma ulielekea kwake. Ama kweli, bibi mkaidi huyu! Amenuna, salamu hataki, kumbe anavuka ua kimyakimya kuwalisha kuku wa mkwewe. Mjane alicheka peke yake, kisha akalia, kisha akajifuta uso na upande wa khanga akaenda kubisha hodi.

Mama mkwe alichelewa kufungua. Alikuja akishika ukuta, akiburuta miguu iliyovimba hadi magotini, na alipomwona aliyesimama mlangoni akamvuta kifuani bila kumwacha aseme. Wakalizana hapo hapo. Halafu mjane akamkalisha, akamwekea miguu juu ya kigoda, akachemsha chai mwenyewe kama zamani. Jua lilikuwa linashuka, na dirisha la upande wa banda lilikuwa wazi.

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe alisema. "Nilikutolea maneno mabaya, nawe ukanilipa wema. Siwezi hata kufika uani siku hizi, lakini kila jioni harufu ile ikiingia hapa dirishani nasema, binti huyu amenirudishia mwanangu."

Mjane alikitua kikombe mezani polepole.

"Mama," alisema, "mimi nimekuja kukushukuru wewe."

Walitazamana. Kutoka bandani ndoo ikagongwa, ngo, ngo, na kuku wote wakasikika wakikimbilia mlango wa nyuma.