Mtambo Mkobani

Kabla hajapanda treni, askari wa kituo alimwomba Bi Mwanahawa aonyeshe silaha. Akafungua mkoba, akatoa mtambo wa bunduki, chuma cha kufyatulia risasi, uliofungwa kwenye leso.

"Vizuri, mama. Mtambo mbali, bunduki mbali. Na bunduki yenyewe?"

"Anayo mume wangu," akajibu, kama alivyojibu kila walipokwenda kwenye mashindano ya shabaha.

Kisha akakumbuka. Arobaini ya mumewe ilisomwa juzi, na leo alikuwa anakwenda kuirudisha bunduki serikalini. Kwa mazoea, alikuwa amebeba mzigo wake tu, ule mtambo. Bunduki ilibaki kabatini, chini ya makoti ya mumewe.

"Basi tumngoje, mama?"

Bi Mwanahawa aligeuka kuutazama mlango wa kituo, mtambo ukianza kupata joto kiganjani.