Mgeni wa Kesho

“Toka nje, uingie upya,” mwanamke alisema. “Umeingia kama mtu anayetafuta choo.”

Watu waliokaa kwenye mabenchi wakacheka. Mkaguzi wa majengo akabaki mlangoni, mkoba kwapani, vumbi la safari limempanda hadi magotini. Alikuwa hajafungua mdomo.

Ziara yake ilitangazwa kuwa ni kesho. Yeye alipenda kuwahi siku moja. Mtu asiyejiandaa, aliamini, huonekana alivyo. Wakubwa wake walikuwa wanatafuta ghala la mahindi, na jumba hili la maigizo, zamani banda la pamba, lilikuwa jengo pekee lenye paa zima katika vilima vile. Lakini neno la mwisho lilikuwa lake. Njiani alikuwa ameanza kuwaonea huruma waigizaji: awape mwaka mmoja zaidi, kisha aone.

“Mama, mimi ni mkaguzi,” alisema.

“Tunajua wewe ni nani. Tumekungoja tangu asubuhi.” Huyo ndiye mwenye jumba, mkunga mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Pazia. Akaonyesha mlango kwa kidole. “Nje!”

Akatoka. Hakujua kwa nini alitii. Labda ni ile sauti, iliyofanana na ya dada yake mkubwa. Aliporudi, hakuna aliyemsogezea nafasi ya kukaa.

Akaanza kazi taratibu, kama kawaida yake. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa. Pazia lilikuwa mashuka yaliyoungwa kwa mkono, na taa zilitengenezwa kwa makopo ya rangi. Aligonga nguzo moja moja. Alitazama paa, akatafuta nyufa ukutani, akaona chache tu, tena za juujuu. Alifurahi kimoyomoyo.

“Nguzo zenu ni nzima,” alisema akiwa bado anautazama ukuta.

“Sauti!” akafoka seremala kutoka benchi la nyuma. “Unamnong'onezea nani, mkeo?”

“Na usitupe mgongo, mwanangu,” bibi mmoja wa benchi la mbele akadakia. “Mgongo wako hatukuja kuutazama.”

Mkaguzi akageuka. “Nimesema nguzo ni nzima. Sikuja kwa shari.”

Mama Pazia akaguna kwa masikitiko. “Afisa gani wewe, laini kama uji? Hata mbuzi hakuogopi. Shemeji, hebu mtie moto.”

Seremala akainuka. Alikuwa mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya msumeno. Alikuja hadi pua yake ikakaribia kugusa ya mgeni.

“Umekuja kutumeza, siyo? Ofisi nzima umekula, hujashiba, sasa unataka na mabenchi yetu!” Akamnyang'anya mkoba, akautupa juu ya jukwaa. Karatasi zikatawanyika kwenye mbao. “Zifuate huko juu, watu wakuone vizuri.”

Akasukumwa. Akapanda jukwaani kwa magoti, mbele ya kundi lote, akaokota karatasi zake huku wakimzomea. Mtu alimrushia ganda la karanga. Jingine likamgonga sikioni.

“Jamani, nimewakosea nini?” aliuliza. “Nani amewapanga kunitukana?”

“Hapa hatupangiani maneno,” Mama Pazia akajibu. “Kila mtu anatoa lililo tumboni mwake. Na wewe toa lako, kama unalo!”

Mkaguzi akavuta pumzi. Katika kazi hii alikuwa amefukuzwa na mbwa na kumwagiwa maji machafu, na hakuwahi kulifunga jengo la mtu kwa hasira. Hili alilihesabu kuwa ndilo jambo jema pekee alilonalo. Akafuta vumbi kwenye karatasi. Akazirudisha mkobani.

Ndipo yule bibi wa mbele alipoupata utani wake.

“Mwoneni alivyonyamaza! Mama yake aliomba mtoto, akapewa muhuri wa ofisi!”

Jumba zima likaangua kicheko. Seremala akapiga benchi kwa ngumi. Mama Pazia alicheka hadi akajishika mbavu.

Mama yake mkaguzi alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Alisimama wima. Alitoa simu, akasogea hadi ukingo wa jukwaa, mbele kabisa ya yule bibi, akampigia mkubwa wake.

“Nimelikagua,” alisema, na sasa sauti yake ilifika hadi benchi la nyuma. “Lichukueni. Ndiyo, leo hii. Nimeshaamua, sirudi nyuma. Leteni mahindi.”

Upande wa pili mkubwa wake alishukuru, akasema malori yanaondoka sasa hivi. Mkaguzi akakata simu.

“Ondoeni mabenchi yenu,” aliwaambia. “Jumba hili nimelifunga. Hapa hataigiza mtu tena, si ninyi, si watoto wenu, si wajukuu wenu. Mkitaka kucheka, nendeni mkachekee porini.”

Bibi wa mbele alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, macho yamemjaa machozi.

Kisha watu wote wakasimama, wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kwa muda mrefu, huku wakimtazama yeye, na mkaguzi akawachukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Mlango ukasukumwa. Akaingia kijana mwembamba mwenye koti kubwa la kuazima na tai iliyopinda, anahema, kofia ya pikipiki mkononi.

“Nisameheni sana, ndugu zangu, pikipiki imenizimikia kilimani,” alisema. “Ni mimi mwigizaji mliyemwazima nije kumwigiza mkaguzi wa kesho. Mazoezi mmeshaanza?”