Mwanamume wa Jumanne

"Nilimpenda sana yule mwanamume," mkewe alikuwa akisema sebuleni. "Na bado nampenda."

Fundi alisimama mlangoni mwa jikoni, kikombe mkononi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na sauti ya mwanamke ikauliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Mchangamfu. Alikuwa akinikuta napika, ananishika kiuno na kunizungusha mpaka wali unaungua. Ningeambiwa anarudi leo, ningemkimbilia pekupeku."

Chai ilimmwagikia vidoleni asihisi. Miaka yote ya ndoa, na hakuwahi kusikia habari za mwanamume mwingine.

Simu ilipokatwa aliuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na afisa ustawi wa jamii, mume wangu. Kile kikundi chetu cha wanaouguza wenzao nyumbani. Jumanne tunaongea kwa simu, Alhamisi tunakutana kituoni. Si nilikwambia?"

"Hukuniambia."

Mkewe alimpokea kikombe, akamfuta chai vidoleni.

Alhamisi alijipulizia manukato, akavaa hereni ambazo kwa kawaida hungojea harusi. Fundi akatangaza kwamba naye anakwenda, akakaa kusubiri visingizio.

"Twende," mkewe alisema, akimfunga kifungo cha shati. "Nilikuwa nataka uje."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Yaani mtu hata hajifichi.

Kituoni viti vilikuwa vimepangwa duara. Kwenye runinga kubwa ukutani zilionekana nyuso za waliojiunga kutoka nyumbani, mmoja wao akihangaika kuwasha sauti. Fundi aliwakagua wanaume mmoja mmoja, kama anayetafuta gari lenye hitilafu. Akamchagua wa suti ya kijivu. Ndiye aliyemvutia mkewe kiti. Ndiye aliyeinama na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Siku hizi unalala?"

"Kidogo. Nafunga mlango, funguo naziweka chini ya mto, asije akatoka usiku akapotea."

Fundi alikunja ngumi. Kumbe wanaambizana mpaka habari za kulala.

Afisa, mwanamke kijana mwenye miwani, alifungua kikao. "Mama, Jumanne ulikuwa unatusimulia habari za yule mwanamume wako wa jikoni. Ungependa kuendelea?"

Fundi akasimama kabla mkewe hajajibu.

"Yuko humu ndani?"

Watu wakamgeukia. Hata wale wa kwenye runinga waliinua macho.

"Nakuuliza wewe, mke wangu. Huyo mtu yumo humu?"

"Yumo," mkewe alisema. Aliinuka, macho yamemlowa, akamwekea kiganja kifuani taratibu. "Ndiye huyu."

Fundi aligeuka haraka kumtazama aliyesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.